Godoro Nililolipima Mwenyewe

Likizo ndefu ilipokaribia, binti yangu alinipigia simu akaniuliza kitanda changu kina upana gani na urefu gani. Nikamwambia ngoja. Nikavua futi yangu ya kushonea, ambayo nimeivaa shingoni tangu ujana kama wenzangu wanavyovaa mikufu, nikapima kitanda kwenye mbao, si kwenye shuka, nikamsomea.

"Haya mama," akasema. "Wiki ijayo nakuja na gari. Nataka tusafiri mimi na wewe, taratibu, mpaka kwangu."

Sasa wewe ungeelewaje? Mimi nimeshona sare za shule maisha yangu yote, na katika kazi yangu mtu hapimwi bure. Ukipimwa kiuno, kuna sketi inakuja. Nikajua kule kwake kuna chumba kinatengenezwa, na mimi nachukuliwa moja kwa moja.

Sikumuuliza. Alipopata kazi ya ualimu huko upande wa pili wa nchi, aliniomba nihamie kwake. Nilimjibu kwamba mimi ndiye niliyemlea yeye, si yeye anilee mimi, na asije kunitafuta mpaka asikie nimeshindwa kukanyaga cherehani. Tangu hapo hakulitaja tena. Siku hizi magoti yanagoma. Nikasema moyoni, mtoto huyu ana akili, ameona mwenyewe bila kuambiwa.

Basi nikahama. Cherehani nikampa mke wa kinyozi, jirani yangu, aliyekuwa akiitolea macho kila anapokuja kuomba uzi. Kitanda nikampa muuza mkaa aliyekuwa ameoa juzijuzi na kulala chini. Ufunguo nikampelekea mwenye nyumba. Aliugeuzageuza mkononi.

"Mama Futi, una hakika? Chumba hiki kina watu wanakitaka."

"Wape," nikamwambia. "Mwanangu ameshachukua vipimo vya kitanda."

Siku ya safari nilimngojea barabarani na mabunda yangu. Mtu mzima hachukuliwi ndani kama mgonjwa. Gari lenyewe dogo, mlango wa upande wangu unafungwa kwa kuvutwa mara tatu. Binti yangu akatoka, mwembamba vilevile, akatazama mabunda akacheka.

"Mama, mpaka sufuria?"

"Sufuria yangu naijua. Zako sizijui."

Akatia vyote nyuma bila kuuliza. Nikaona hiyo ni dalili njema.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa cha mafuta. Kijana wa pampu akachungulia dirishani akaona mabunda yamefika darini.

"Bibi, mnahama?"

Nikafungua mdomo kujibu. Binti yangu akaniwahi. "Huyu akienda sokoni tu hubeba nusu ya nyumba. Mzoee."

Wakacheka wote wawili. Nami nikacheka, maana kijana hakuwa na kosa, lakini kicheko hakikuteremka. Nikajiambia, labda anaona aibu kumweleza mtu baki mambo ya nyumbani.

Mbele kidogo palikuwa na wanawake wanaochoma mahindi kando ya barabara, na viazi vimepangwa kwenye ndoo, vikubwa chini na vidogo juu ili usidhani umeibiwa. Tulikula mahindi tukiwa tumeegemea gari. Upepo wa kiangazi ulikuwa unavuta vumbi jekundu kutoka mashambani. Binti yangu akasema, na mahindi mdomoni, "Viazi hivi vizuri. Tukirudi tutakununulia ndoo nzima ukae navyo."

Tukirudi.

Nikatafuna punje zilizobaki moja moja. Nikatazama ile barabara tuliyojia. Wakati huo ndipo ningesema. Ningesema tu, mwanangu, mimi sina pa kurudi, nimeshatoa ufunguo. Maneno hayo hayazidi pumzi moja. Lakini nikimwambia hivyo, atanichukua kwa huruma, na mimi huruma sijaizoea, hata ya mtoto niliyemzaa. Nilitaka anitake. Kunitaka na kunihurumia ni vitambaa viwili, hata vikiwa na rangi moja. Ukivishika tu unajua.

"Mbona umenyamaza?" akaniuliza.

"Hindi limeniganda menoni."

Mchana gari likachemka. Tukasukumwa na watu wawili wapita njia hadi kwa fundi mmoja mwenye kibanda cha mabati, ameketi juu ya gurudumu bovu kama mfalme. Akafungua boneti, akaguna.

"Dada, hili gari linakunywa maji kuliko ng'ombe."

"Lipe basi," binti yangu akamwambia.

"Lipoe kwanza. Hata ng'ombe hanyweshwi akiwa anakimbia."

Tulikaa kwenye benchi tukinywa chai yake, iliyokuwa na harufu ya dizeli kwa mbali. Hakukuwa na mengine ya kutazama ila barabara na malori. Binti yangu akavua viatu, akakunja vidole vya miguu kama alivyokuwa akifanya chini ya meza yangu ya kukatia nguo, zamani, akisubiri nimalize kazi. Tulikuwa wawili tu, yeye na mimi, na sauti ya cherehani ndiyo iliyokuwa mazungumzo yetu. Pengine ndiyo sababu hatukujifunza kuongea.

"Cherehani umemwachia nani?" akauliza.

"Mke wa kinyozi."

"Asikuharibie."

"Ana mkono mzuri."

Akaipuliza chai. "Walimu wenzangu huniuliza, mama yako mbona hukai naye? Nawaambia, nyinyi hammjui mama yangu. Nilimwomba siku moja, nikatoka hapo kama kuku aliyemwagiwa maji. Siwezi kurudia."

Alisema akicheka. Nami nikasema, "Ulikuwa mdogo, ulikuwa huna adabu ya kuomba."

"Na sasa?"

Fundi akaita kwamba gari limepoa. Binti yangu aliniangalia kidogo zaidi, kisha akavaa viatu.

Tulilala njiani kwenye nyumba ya wageni, kitanda kimoja. Goti lake lilikuwa mgongoni mwangu mpaka asubuhi, kama alipokuwa mtoto. Sikulisogeza.

Kwake tulifika siku ya pili. Nyumba safi, na ya mtu mmoja: kiti kimoja kimechakaa, vingine vipya kama vya dukani. Ukutani, ukumbini, kulikuwa na godoro jipya limeegemezwa, bado liko kwenye nailoni yake. Nikalijua kwa macho kabla ya kulipima. Lilikuwa kipimo changu.

"Hilo ni lako," akasema, na uso umemng'aa. "Lile la kwako limekuwa kama chapati. Tukirudi tunalifunga juu ya gari. Nilitaka nikushtue."

"Umenishtua," nikamwambia.

Nikalishika pembeni. Sponji nzuri, mshono umenyooka. Nikamwambia fundi aliyelishona anajua kazi, na kweli anajua.

Kisha akanitembeza nyumba nzima. Chumba cha pili hakikuwa na kitu ila ndoo na kamba ya kuanikia nguo iliyopita katikati. Tukasimama mlangoni, mimi huku na yeye huku.

"Hiki hakina mtu," akasema.

"Naona."

"Kina joto kidogo mchana."

"Vyumba vyote vina joto kiangazi."

Akashika kitasa, akakizungusha, akakiachia. Nilisikia anavuta pumzi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, hilo nalijua tangu sijaota meno. Lakini siku ile kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake ainame kwanza, na mgongo wangu ni wa zamani kuliko wake.

"Kamba yako imelegea," nikasema. "Ikaze, shuka zitaburura."

"Nitaikaza," akasema.

Tulikaa naye likizo yake yote. Nilimshonea mapazia kwa mkono. Alinipeleka kuwaona walimu wenzake, wakaniambia nina bahati. Jioni tulikaa kwenye vile viti vipya, redio inaongea, sisi tunaisikiliza. Kila alipofungua mdomo nilidhani ndiyo hiyo inakuja, kumbe anauliza kama chai ina sukari.

Kurudi hatukusimama sana. Godoro lilikuwa juu ya gari, limefungwa kwa kamba ileile aliyoifungua chumbani, na nailoni ilikuwa inapigapiga njia nzima kama mtu anayebisha hodi. Kwa wale wanawake wa mahindi akasimama, akaninunulia ndoo ya viazi.

Tulipofika mtaani kwangu nikamwambia asimame barabarani.

"Nikusaidie kuingiza."

"Watu wa kubeba wapo. Wewe keshokutwa una shule, na njia ni ndefu. Nenda."

"Mama, dakika mbili tu."

"Nimeanza lini kubebewa vitu mpaka kitandani?"

Akashusha godoro, mabunda, sufuria, viazi, akavipanga pembeni mwa barabara vizuri, kwa ukubwa, kama nilivyomfundisha. Akanikumbatia. Ananuka chaki hata baada ya likizo. Gari likaondoka, nami nikasimama nimelishika godoro lisianguke, nikapunga mkono mpaka kona ikalimeza.

Chumba changu kilikuwa na fundi viatu. Pazia alilotundika lilikuwa jipya, na mwenye nyumba alipoona nimesimama na godoro hakusema neno lolote, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Sasa nalala nyuma ya kibanda cha kinyozi, palipo na cherehani. Mke wake amenipa nafasi, na mchana namsaidia kushona kwenye mashine iliyokuwa yangu. Ananiita mama, ananiuliza kabla ya kukata kitambaa. Godoro halienei pale. Nimelikunja pembe moja likapanda ukutani, na nikilala miguu inakaa juu kama ya mtoto mchanga. Mteja mmoja akiwa ananyolewa alichungulia akasema, "Bibi, hilo godoro au mashua?" Nikamwambia ni sofa, na yeye anyamaze asikatwe sikio.

Juzi binti yangu alipiga simu.

"Godoro limekaa vipi?"

"Limekaa sawasawa."

"Na kitanda hakilii?"

"Hakilii kabisa," nikasema, na hilo halikuwa uongo.

Nikasikia redio yake kule ukumbini. Kisha akasema, "Likizo ijayo sitaki tusafiri. Nitakuja mimi, nilale hapohapo na wewe. Kama ukitaka."

"Mlango unaujua," nikamwambia.

Alipokata, nikachukua futi, nikatoka. Nimeshapita nyumba nne mtaa huu na mtaa wa pili. Wenye nyumba wananieleza habari za maji, umeme, choo kiko wapi. Mimi sisikilizi. Naingia, napima kutoka ukuta hadi ukuta, napima mlango. Cha kwanza hakitoshi upana. Cha pili dirisha liko mahali pa kichwa. Cha tatu kina wapangaji wenye mdomo. Cha nne kinatosha, ila mwenyewe anataka kujua nitakaa na nani.

Nimemwambia nitamjibu.