Mtambo Uliokwenda Kinyumenyume

Wafumaji wa kiwandani hawajui kunong'ona. Ukikaa miaka yako yote ndani ya banda lenye mitambo inayogonga tangu asubuhi, hata salamu zako za nyumbani hutoka kama ugomvi. Ndiyo maana mfumaji mmoja mkongwe wenzake walimwita Bi Ngurumo, naye jina akalipokea kwa mikono miwili, maana kuitwa ngurumo ni afadhali kuliko kuitwa bibi kizee.

Alianza kazi enzi za injini moja. Injini yenyewe ilikaa mwisho wa banda, ikizungusha chuma kirefu kilichopita darini kutoka ukuta hadi ukuta, na kutoka kwenye chuma hicho iliteremka mikanda ya ngozi, kila mtambo na mkanda wake. Ukitaka kufuma, unasukuma wenzo, mkanda unahamia kwenye gurudumu linaloendesha mtambo. Ukitaka kupumzika, unaurudisha kwenye gurudumu la pembeni linalozunguka bure. Kazi iliyobaki mtambo unaijua wenyewe: nyuzi za mtande, zile za urefu, zinaachana, nusu juu nusu chini, kijiti chenye uzi wa mshindio, ule wa kukatiza, kinarushwa katikati, kitana cha chuma kinaupigilia uzi mahali pake, nyuzi zinabadilishana nafasi, kijiti kinarudi. "Injini ikipiga chafya, sote tunapata mafua," alikuwa akisema.

Siku hizi injini imeng'olewa. Kila mtambo umepewa mota yake, imefichwa ndani ya kasha la bati, na swichi mbili tu za kubonyeza. Hilo halikumpa shida hata kidogo. Kilichompa shida ni kichwa chake mwenyewe.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Alibandika sufuria motoni bila maji. Alimwita bintiye kwa jina la marehemu dada yake, wala si mara moja. Siku moja alitoka dukani akasimama njia panda, mfuko mkononi, asijue ashike kulia au kushoto, na huo ndio mtaa aliozalia watoto wake. Mama yake mzazi alianza hivyohivyo, akaishia kutomjua hata aliyekuwa akimlisha. Bi Ngurumo aliogopa, tena aliogopa hasa, lakini hakumwambia mtu. Binti yake aliyaona yote, naye akanyamaza. Wakaishi nyumba moja wakifichana jambo ambalo wote wawili walilijua.

Basi asubuhi moja akabonyeza swichi ya kijani, na mtambo ukamgeuka. Kijiti hakikurushwa, kilisukumwa kivivu, kikanasa katikati ya nyuzi, mtambo ukapiga kishindo ukasimama. Akakitoa, akaunga nyuzi zilizokatika, akabonyeza tena. Kishindo. Akaanza kujiuliza: kijani ndiyo ya kuwasha, au nyekundu? Kuna kitu huwa anakifanya kwanza, akakisahau? Akaitazama mikono yake kana kwamba itamjibu. Hakuelewa mbele wala nyuma.

Binti yake, aliyekuwa akifuma kwenye mtambo wa jirani, akaja mbio.

"Mama, kuna nini?"

"Sijui. Nafanya kama jana. Hebu niambie, jana nilifanyaje?"

Msimamizi naye akafika, mikono nyuma. "Shangazi, umri umekwenda. Wala si aibu. Kule chumba cha kukunja nguo kuna viti."

"Kabla hujamkunja mama yangu pamoja na hizo nguo," binti akasema, "mwite fundi wa umeme."

Bi Ngurumo akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akingoja. Kama mtambo ni mbovu, basi yeye ni mzima. Na kama mtambo ni mzima... hapo akaona bora asiwaze. Sijui kama kuna mfumaji mwingine aliyewahi kuuombea mtambo wake ugonjwa.

Fundi akaja, kijana mwenye bisibisi nyuma ya sikio. Akafungua kasha, akawasha, akachungulia, akaguna.

"Mama, wewe huna kosa. Mota inazunguka kinyumenyume. Jana jioni iliondolewa kutiwa grisi, na aliyeirudisha kachanganya nyaya. Umeme unaingia kwa nyaya tatu. Ukizibadilisha mbili nafasi, mota inageuza mwendo. Sasa mtambo wote unarudi nyuma, na kile kipande cha kupigia kijiti kinakigonga kwa mgongo. Hakina nguvu."

Bi Ngurumo akatafakari, kisha uso ukamfunguka. "Kumbe ni kama mkanda wa zamani! Ukiuvisha umenyooka, gurudumu linafuata upande wa injini. Ukiukunja umbo la nane, linakwenda kinyume!"

"Hapohapo, mama!"

Akacheka kicheko cha jina lake, banda zima likageuka. "Mmesikia? Mbovu ni mtambo! Mimi mzima!" Akamgeukia msimamizi. "Vile viti vyako kavikalie mwenyewe." Msimamizi akakumbuka ghafla kwamba ana kazi upande wa pili. Binti akajifuta macho kwa mkono wa gauni, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akapumua vizuri.

Fundi akabadilisha nyaya, akafunga kasha. Bi Ngurumo akabonyeza swichi ya kijani. Kijiti kikaruka, kikarudi, kikaruka, na nguo ikaanza kurefuka. Akasimama akiitazama, ameridhika kabisa. Fundi akakusanya vifaa vyake. Kabla hajaondoka, Bi Ngurumo akamshika bega, akamsogelea sikioni kwa sababu ya kelele.

"Mwanangu, hebu niambie. Huu mtambo ulikuwa na nini?"

Fundi akacheka, akidhani ni utani. Binti hakucheka. Alimshika mama yake mkono, akamweleza upya, taratibu, tangu mwanzo: mota, nyaya, mwendo wa kurudi nyuma. Mama alisikiliza kwa makini, kisha uso ukamfunguka.

"Kumbe ni kama mkanda wa zamani!" akasema, akacheka kicheko kilekile.