Kisiwa Tulikojitaja

Lori la samaki, hata likiwa tupu, hunuka samaki. Magamba yamekaukia kwenye mbao, maji ya barafu iliyoyeyuka yametuama kwenye kona, vikapu vimepandana, na jua likipanda harufu nayo inapanda mpaka inaingia kwenye nguo na kwenye mkate uliobeba kwa ajili ya njia. Utotoni mwangu niliipenda harufu hiyo kuliko ya maandazi. Ilikuwa na maana kwamba kiangazi kimefika, na kwamba baba amefunga kibanda chake pale sokoni, na kwamba tunatoka Élisabethville, mji ambao leo unaitwa Lubumbashi, kwenda Kasenga kwenye mto Luapula. Kutoka Kasenga tungeingia kwenye mtumbwi na kufuata maji hadi visiwani, kule ambako matete hayana mwisho na mtu haendi asipokuwa mvuvi. Baba hakuwa mvuvi. Alikuwa fundi saa. Alikwenda kuangalia ndege.

Majirani zetu wa mtaa wa Katuba walimcheka kila mwaka. Wazungu wa mji walikuwa na magari yao na bunduki zao za kuwindia, na hilo lilieleweka. Lakini mtu mweusi, mwenye mke na kazi, kulipa nauli ya lori ili akakae juu ya tope na kutazama! "Muntu muzima anapanda kamyo ya samaki juu ya kuona ndege," alisema jirani yetu muuza mkaa, "na hakuli hata moja!" Baba alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye saa aliyokuwa akiitengeneza: "Ndege ya kukula iko ku soko, ndugu. Ile ya kuangalia haiko." Alichukua sufuria, chandarua, blanketi moja la sisi wawili, na kile kioo chake kidogo cha kukuzia. Hakuna aliyemtuma. Mwenyeji wake pekee alikuwa dada wa mama yangu, Mama Chola, mjane wa Kasenga aliyekausha samaki na kumiliki mtumbwi mkubwa. Mama yangu alikuwa mtu wa huko Luapula. Baba, Kalala, alikuwa ametoka Kasai, Mwene-Ditu, akaja mjini kijana kutafuta kazi. Mimi walinipa jina la babu upande wa baba: Tshibangu.

Visiwa vile nilivijua kama watoto wengine wanavyojua uwanja wa shule. Nilijua mahali ambapo viboko hulala mchana, migongo yao ikitokeza kama mawe yanayopumua. Nilijua njia za nzohe, yule swala wa matopeni mwenye kwato ndefu, ambaye akishtuka huzama majini akaacha pua tu nje. Mwari, wale ndege weupe wa majini, walipotua walikuja wengi pamoja, na maji yakageuka meupe. Lakini baba alimtafuta ndege mmoja: mkubwa, wa kijivu, mwenye mdomo mpana kama kiatu, anayesimama kwenye matete asubuhi nzima bila kutikisa hata unyoya. Baba, aliyeishi kati ya mishale ya saa inayozunguka, alimtazama kiumbe huyo kwa heshima. Alininong'onezea, "Angalia. Yeye hana haraka na mtu."

Huko kulikuwa na desturi. Mtu hashuki kisiwani hivi hivi. Mtumbwi husimama kabla ya matete, mgeni hupiga makofi ya chini, viganja vikiwa vimekunjwa kama bakuli, kisha hutaja kwa sauti jina lake, jina la baba yake, na mahali anapotoka. Wavuvi wa zamani wamezikwa kule. Wao ndio wenyeji, na wanyama ni wao. Anayeshuka kimya ni mwizi, na kiboko ana ruhusa ya kumpindua. Baba alikuwa Mkristo wa kanisani kila Jumapili, lakini alijitaja kila mwaka bila aibu, kifua mbele: "Mimi Kalala, mwana wa Tshibangu, natoka Mwene-Ditu, nimekuja na mwanangu, hatuchukui kitu." Sauti yake ilikwenda juu ya maji na kurudi. Kila mara nilitamani siku yangu ya kusema maneno yale.

Kisha ikaja miaka ya kujitenga, mkoa wetu wa Katanga ukawa nchi peke yake, na watu wa Kasai wakawa wageni katika nyumba walizozijenga. Muuza mkaa akaacha kutucheka, akaacha pia kutusalimu. Kibanda cha baba kilivunjwa mchana, watu wakipita. Wengi wa watu wake walikimbilia kambini pembeni ya mji, chini ya ulinzi wa askari wenye kofia za buluu, na habari zilizotoka huko zilikuwa za tope, kuhara na makaburi madogo. Baba hakutaka kwenda. Kiangazi kilipofika akaniambia nijitayarishe, tunakwenda kuona ndege. Nilifurahi kama mpumbavu. Sikuona kwamba safari hii mama alimfunga baba kitambaa shingoni, akakifungua, akakifunga tena, wala sikujiuliza kwa nini Mama Chola alikuja mwenyewe kutuchukua. Waliniambia koo la baba limeoza na hawezi kusema. Ukweli niliambiwa baadaye, nimeshakuwa mkubwa: Kiswahili cha baba kilimtangaza Mkasai kwa neno la kwanza. Kutoka kisiwani, mpwa wa marehemu mume wa Mama Chola angetuvusha hadi Rhodesia, ng'ambo ya mto. Bandari ya Kasenga ililindwa. Mitumbwi ya samaki wa visiwani bado ilipita. Mama angeuza vitu, kisha atufuate. Mimi hawakunieleza, kwa sababu mtoto asiyejua hawezi kusema. Ndivyo walivyofikiri.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari mmoja alipanda lori na kumgusa baba kwa mtutu.

"Na huyu?"

"Ni bwana ya mudogo yangu," Mama Chola alisema, akiendelea kumenya karanga. "Bubu. Ugonjwa ya koo."

"Bubu? Basi mudogo yako iko na bahati! Mimi muke yangu ananisikiaka sauti, ananikimbia."

Lori zima likacheka, na baba naye akatabasamu kwa kichwa kilichoinama. Mama Chola akampa askari karanga. Tukapita.

Tulifika karibu na kisiwa asubuhi, ukungu bado haujaachana na maji. Mtumbwi ulikuwa na Mama Chola nyuma na kasia, baba katikati, mimi mbele. Nilimwona yule ndege wa kijivu kabla ya wote, nikageuka kumwonyesha baba, na baba akatazama, akakitoa kile kioo chake mfukoni kwa mazoea, ingawa hakikufaa kitu kwa mbali. Nadhani kwa kitambo kile kifupi hata yeye alikuwa amekuja kuangalia ndege tu. Kisha nikaona kwamba Mama Chola hasimamishi mtumbwi. Alikuwa akiupeleka kwenye matete moja kwa moja, kimya, upande ambao hatukuwahi kushukia. Upande wa kushoto kiboko alitokeza kichwa, akapuliza maji, akatuangalia. Nilidhani mama mkubwa amesahau. Nilidhani baba anataka kujitaja na koo lake haliruhusu, na kwamba ndiyo sababu mtu huzaa mtoto wa kiume. Nikakunja viganja. Nikapiga makofi. Nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote, kama nilivyofundishwa:

"Mimi Tshibangu, mwana wa Kalala! Tunatoka Mwene-Ditu! Tumekuja na baba yangu, hatuchukui kitu!"

Ndege wa kijivu akaruka. Kiboko akazama. Kutoka kwenye kibanda cha wavuvi, nyuma ya matete, wakatoka vijana wenye bunduki, wanamgambo wa Katanga. Walikuwa wamekuja kuwinda nzohe. Nyama ilikuwa imetundikwa nyuma yao, na nzi. Mama Chola aligeuza kasia, lakini mmoja alikuwa tayari majini hadi kiunoni, ameshika ubao wa mtumbwi.

"Kalala ni nani hapa? Kalala wa Mwene-Ditu, kuya, shuka!"

"Iko bubu, mutoto wangu," Mama Chola alisema. "Mugonjwa."

"Bubu anazaa mutoto ya mudomo namna hii?"

Wakacheka. Baba alisimama mwenyewe kabla hawajamvuta, akashuka polepole asiuyumbishe mtumbwi. Yule kijana akanigeukia. Mama Chola akaniwahi, akanishika bega mpaka kucha zikaingia: "Huyu ni wangu. Mwana wa dada yangu mwingine, wa hapa hapa Kasenga. Mwansa. Alisikiaka ule mugonjwa anasemaka zamani, anamwigiza tu. Watoto!"

"Ni kweli? Jina yako nani, we mudogo?"

Baba alikuwa hatua chache kutoka kwangu, maji yakimfika magotini, ananitazama. Nikasema, "Mwansa."

"Baba yako iko wapi?"

"Alikufa," nikasema. Hilo hakuna aliyenifundisha.

Walipompitisha karibu na mtumbwi, baba aliniwekea kile kioo mapajani kama mtu anayeweka kitu mezani, akasema kwa sauti ndogo, na sauti yake ilikuwa nzima kabisa: "Umesema vizuri." Wakampakia kwenye mtumbwi wao pamoja na nyama. Hatukumwona tena, wala kaburi lake hatukulijua. Kwa miaka mingi nimejiuliza alisifu maneno yapi, yale niliyopaza nikamfichua, au lile moja nililosema nikajiokoa. Watu wema wameniambia kwamba nilikuwa mtoto. Ni kweli. Lakini mtoto yule alikua, Katanga ikarudi kuwa sehemu ya nchi, hatari ile ikapita, na mtu mzima akabaki na jina la Mwansa kwa sababu lilikuwa rahisi. Nilisomea sekondari nalo, nikaajiriwa nalo, nikaoa nalo. Kosa hilo ni la mtu mzima, na ni langu.

Mwaka jana mjukuu wangu alisoma kwenye simu yake kwamba watu siku hizi wanasafiri peke yao kwenda visiwa vya mbali kuona wanyama, wanabeba hema lao na chakula chao. Akaniambia mimi babu yake, kama mtu aliyegundua jambo: "Koko, twende!" Kadi yake ya mpiga kura inasema Mwansa. Tulikwenda kwa basi dogo. Harufu ya samaki haikuwamo. Boti ilikuwa na injini. Nilitafuta migongo ya viboko, nikaona chupa za plastiki na nyavu zilizoshonwa kwa vyandarua, zenye matundu madogo hata dagaa hapiti. Nzohe, kijana wa boti alisema, babu yake ndiye aliyewaona. Mwari walikuwa wachache, mbali. Wa kijivu hakuwapo.

Karibu na matete kijana alizima injini. Kimya kile kilinikuta sijajiandaa. "Mzee," alisema kwa adabu, "hapa kwetu mugeni anajitajaka kwanza. Jina, baba, na kwenu." Mjukuu wangu alitabasamu na kuinua simu ili anipige picha. Mkono wangu mmoja ulikuwa mfukoni, umeshika kioo cha fundi saa. Niliutoa, nikakunja viganja, nikapiga makofi, na yakatoa sauti ile ile. Hapakuwa na bunduki. Hapakuwa na mtu wa kunidhuru popote kwenye maji yale. Nilifungua kinywa, na maneno ya baba yangu yalikuwa yote ndani, kwa mpangilio wake.

"Mwansa," nikasema. "Wa Kasenga."

"Karibu, mzee," kijana akasema, akiisukuma boti kwenye matete. "Basi uko kwenu."