Siku Diski Ilipoanza Kugonga

Wiki nzima niliisingizia feni. Kompyuta yangu ya kuhariria video ilikuwa ikilia ka-ka-ka, inanyamaza, halafu ka-ka-ka tena, nami nikasema ni vumbi tu. Ofisi yangu ni chumba kimoja ghorofa ya pili, karibu na Mtaa wa Msimbazi, na chini wauza vitenge wanashindana kwa spika tangu asubuhi. Mlio mdogo kama ule, ukiamua kutousikia, husikii. Mimi niliamua.

Jumamosi nilishindwa kuendelea kujidanganya. Saa nane mchana alikuwa anakuja binti mmoja kuchukua video ya sherehe ya kuagwa kwao kabla ya ndoa. Baba yake alifariki siku tisa baada ya sherehe ile. Binti aliponipigia simu kutoka msibani kuuliza kama video ipo salama, nilimjibu, "Usiwe na wasiwasi, mdogo wangu, nimeihifadhi sehemu mbili." Uongo mtupu. Kadi za kamera nilikuwa nimeshazifuta ili nikapige harusi nyingine Ilala, na sherehe nzima ilikuwa ndani ya kompyuta ileile, basi.

Nikafungua ubavu wa boksi la kompyuta. Feni nilizisimamisha moja moja kwa kijiti cha mshikaki, na mlio ukaendelea vilevile. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha nikaigusisha kwenye diski inayohifadhi kazi zangu zote, mpini nikauweka sikioni, kama wafanyavyo mafundi wa magari pale Buguruni wakitafuta ugonjwa wa injini. Kule kugonga kulinifika mpaka kwenye meno. Ilikuwa diski yenyewe, na diski ikishagonga namna ile pengine haijabakiza saa nyingi. Nilijiona mjinga, tena mjinga mbishi.

Nikachomeka flashi. Sherehe ilikuwa na vipande zaidi ya arobaini, na kompyuta ilikuwa inanakili kwa kusuasua. Nikaanza na hotuba ya baba, kwa sababu ndiyo kila mteja huiulizia kwanza. Hata hapo nilipata nafasi ya kuwatukana kimoyomoyo wale wa spika.

Yule binti akafika kabla ya wakati.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Pole sana, mdogo wangu. Kaa."

Akakaa kwenye stuli, mkoba magotini, akatega sikio. "Nini kinagonga humo?"

Nikamwambia yote, macho yangu yakiwa kwenye kioo cha kompyuta.

"Kwa hiyo siku ile uliponijibu kwenye simu..."

"Nilikudanganya."

Hotuba ikamalizika kunakiliwa. Nikamuuliza kipi kifuate, maana huenda kingekuwa cha mwisho.

"Pale alipokuja kunitunza pesa," akasema. "Hotuba aliandikiwa na baba mdogo. Pale kwenye kutunza alicheza. Sijawahi kumwona baba akicheza, na siku ile nilikuwa nimeinamisha kichwa nalia. Watu ndio walioniambia."

Nikakitafuta kipande, nikakivuta. Tukakaa tunaangalia mstari wa kijani ukisogea. Ulifika katikati, mlio ukaongeza kasi, kisha ukakatika kabisa. Nikazima, nikawasha. Nikabadilisha waya. Nikaitoa diski, nikaipumzisha, nikairudisha. Kompyuta haikuitambua tena, na kile kipande nusu kwenye flashi kilikataa kufunguka.

Nilimwomba radhi, na nililia mbele ya mteja, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Yeye hakulia. Alichukua flashi, akaifunga ndani ya leso, akaenda hadi mlangoni, halafu akageuka.

"Dada, wakati anacheza, wewe ndiye uliyekuwa unapiga video?"

"Ndiyo. Nilikuwa mbele yake kabisa."

Akarudi, akakaa tena kwenye stuli. "Basi nisimulie. Alichezaje?"

Nikafungua mdomo. Nilikumbuka taa iliyokuwa inaniharibia picha nyuma yake, na betri iliyokuwa inakaribia kuisha, na mwanamke mnene aliyenizibia njia. Baba yake sikumkumbuka.