Fainali Iliyolambwa Hirbadaw

Mpaka leo nikishuka stendi ya Haydom kuna watu wananiita Chumvi, na wageni wanadhani ndilo jina la ukoo wetu, nami sijawahi kuwasahihisha, maana kusahihisha kunataka maneno, na neno moja tu ndilo lililoniponza. Nawasimulia ninyi taratibu, kwa sababu naandika polepole (shule yangu iliishia darasa la saba, na hata huko nilikuwa wa mwisho kufunga daftari), na mkitaka kucheka chekeni, aibu iliyoonwa na wilaya mbili hakuna pa kuificha.

Wakati huo nilikuwa najifunza useremala kwenye chuo cha ufundi upande wa Mbulu, karibu na Haydom. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, wazee wengi walikuwa bado wanasema tuko Arusha, na vyuo vya ufundi vya Mbulu na Hanang vikaona na vyenyewe vianzishe ligi ya mpira, na katika ligi hiyo tukaingia fainali sisi na chuo cha Basotu. Nikisema "sisi" msinielewe vibaya. Mimi nilikuwa mchezaji wa akiba, na akiba yenyewe ilikuwa ya kushika nguo za wenzangu.

Tatizo likawa fainali ichezwe wapi. Sisi tulitaka Haydom, wao walitaka Basotu, na kila upande uliapa kwamba hauendi kwa mwenzake. Mwenyekiti wa ligi, mzee mmoja mstaafu tuliyemwita Mwalimu Baran, akaitisha kikao na kusema kila chuo kilete mtu mmoja. Mtu wetu alikuwa nahodha, Boay, lakini asubuhi ya kikao aliamka jino limemvimbisha shavu mpaka jicho moja halionekani, na kwa lile jicho lililobaki akaniona mimi.

"Gida, utakwenda wewe," akasema. (Jina langu ni Gidahiga, ila hakuna aliyekuwa na muda wa kulimaliza.) "Sema Haydom. Wakikuuliza kwa nini, sema tena Haydom. Halafu rudi."

Kazi ya neno moja. Nilikwenda nalo mdomoni kama mtu aliyebeba yai.

Kule kikaoni yule mjumbe wa Basotu alikuwa kijana anayejua kuongea, akasimama akatueleza ziwa, akatueleza upepo wa ziwa, akatueleza samaki wa kukaanga ambao wageni watakula mpaka wasahau nani kafungwa, kisha akanigeukia. "Na ninyi Haydom mna nini zaidi ya hospitali? Mtu akishuka kwenye basi la kwenu, swali la kwanza anaulizwa anaumwa wapi." Watu wakacheka, hata mimi nikacheka, na kucheka huko kukanisahaulisha pa kuanzia.

"Kijana, tukusikie na wewe," akasema Mwalimu Baran.

Nikasimama. "Shikamoo."

"Marahaba. Ulishanisalimia mlangoni."

Yule mzee aliona nimekwama, akataka kunisaidia, akaniuliza swali jepesi ambalo hata mtoto angejibu. "Kwenu hasa ni wapi?"

"Hirbadaw, Mwalimu."

"Hirbadaw. Na huko Hirbadaw kuna kiwanja?"

Sasa naomba mnielewe hapa. Kwetu mzee akikuuliza kwa upole namna ile, kumjibu "hakuna" ni kama kumfungia mlango usoni. Na uwanda kwetu upo kweli, umenyooka, Mungu mwenyewe aliusawazisha, ila hakuna aliyewahi kucheza kitu pale zaidi ya ndama.

"Kipo," nikasema.

Mwalimu Baran akapiga meza kwa kiganja. "Basi, yamekwisha. Si Haydom, si Basotu. Tunacheza Hirbadaw." Mjumbe wa Basotu alikubali kabla sentensi haijaisha (Hirbadaw ni Hanang, kwao ni karibu kuliko kwa chuo chetu), na mimi nikakaa chini, neno langu la Haydom likiwa bado zima mdomoni, nikarudi nalo chuoni kama nilivyoondoka nalo.

"Umesema Haydom?" Boay akaniuliza.

"Nilikuwa nataka kusema," nikamjibu.

Sitaandika alichosema, na kwa lile shavu nusu yake sikuielewa.

Nikatangulizwa nyumbani kuandaa kiwanja, kwa kuwa mimi ndiye mwenyeji. Vijana wa kwetu wakanisaidia kusimamisha magoli ya miti ya mikaratusi, mama yangu akawatangazia wanawake wote wa kanisani kwamba mwanawe analeta fainali, wakagawana nani atapika nini, na nikaanza kuona labda Mungu alikuwa na maana yake. Kilichobaki kilikuwa baba. Baba ni mtu wa ng'ombe, hata siku moja hakufurahia mimi kwenda kujifunza kupiga misumari, na nilipomfuata huko alikokuwa anachunga kumwomba aje kutazama, aliegemea fimbo yake akaniuliza aje kutazama nini.

"Mpira, baba."

"Hao wanaoufukuza, wakiupata wanaufanya nini?"

"Wanautia golini."

"Halafu?"

"Halafu unarudishwa katikati, wanaanza tena."

Akanitazama kwa muda, nikaona ananihurumia. "Nitapitia," akasema.

Nawaambia kweli, hilo "nitapitia" nililitaka kuliko kombe. Nilitaka aone watu wa Mbulu na watu wa Hanang wamesimama mahali pamoja kwa sababu mimi, ambaye nyumbani nilikuwa siombi hata chumvi ya mboga, nilifungua mdomo.

Na kwa habari ya chumvi.

Chokaa ya kuchorea mistari ilikuwa ije na basi siku moja kabla ya mechi. Basi likaja, chokaa haikuja, kondakta akaapa hajapakia gunia lolote, akaondoka. Nikajaribu majivu, upepo ukayachukua kabla sijageuka. Nikazunguka nyumba nikitafuta kitu chochote cheupe, na ndani ya ghala la baba nikayakuta magunia ya udongo wa chumvi anaoufuata kwa punda kando ya Ziwa Balangida kwa ajili ya ng'ombe. Mweupe kuliko chokaa, mzito, haupeperuki. (Wenye ng'ombe najua mmeshaanza kucheka. Subirini kidogo.) Mimi ni mtoto wa mfugaji, nimewagawia ng'ombe chumvi ile tangu sijui kuandika, wamenikanyaga vidole wakiigombania, na kama kuna mtu duniani alipaswa kujua ni mimi, lakini siku hiyo kichwani mwangu kulikuwa na mistari tu. Baba alikuwa mbali akichunga kundi, sikuwa na wa kumwuliza, na labda nilishukuru. Nikachukua kamba, nikachukua kibuyu cha mama, nikachora.

Kilipendeza. Kesho yake malori yaliposhusha watu, Mwalimu Baran alitembea juu ya mstari mzima, mikono nyuma, kama anakagua gwaride. "Mistari kama hii hata Babati sijaiona. Nani amechora?" Wenzangu wakanisukuma mbele, na watu wakanipigia makofi, makofi ya watu wazima, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nikazungusha macho kumtafuta baba. Hakuwepo.

Kipindi cha kwanza kiliisha bao moja kwa moja. Cha pili kilikuwa kimeshachanganya nilipomwona baba upande wa kichuguu, amesimama kwa mguu mmoja, mwingine ameukunja kwenye fimbo, anatazama. Moyo wangu ukajaa. Kisha nikaona nyuma yake. Ilikuwa siku ya kunywesha, na mtu akiwa na ng'ombe wa kunywesha atawaacha na nani? Alikuja nao wote, akaacha njia yake ya siku zote kwa sababu mimi nilimwomba, na upepo ulikuwa unatoka uwanjani kwenda kwao.

Kulikuwa na jike mmoja mweusi mwenye kengele, ndiye anayewaongoza. Akainua pua. Hapo, na hapo tu, ndipo nilipokumbuka nilichochorea.

Nikainuka na nguo zote za timu mikononi, nikafungua mdomo niwaonye watu, na neno lililotoka ni "Haydom."

Boay akageuka katikati ya mchezo akanitazama.

Hawakukimbia wale ng'ombe. Wangekimbia ingekuwa nafuu, watu wangetawanyika na ningejificha ndani ya vumbi. Walikuja kwa utaratibu, wakajipanga ubavuni mwa uwanja, vichwa chini, kila mmoja mahali pake, wakaanza kulamba mstari. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Hawa ndio mashabiki, angalia hata mstari hawavuki." Mshika kibendera akawapungia, ng'ombe mmoja akamlamba mkono akaendelea na kazi. Mpira ukasimama. Wachezaji wakawa wanasukuma matako ya ng'ombe, mimi nawapiga na shati la Boay, baba anapiga mluzi wake ambao hata fahali husikia, na siku hiyo hakuna aliyegeuza sikio. Walimaliza pembeni, wakahamia kwenye goli, wakala boksi upande mmoja, kisha upande wa pili, hawakubakiza. Mama na wale wanawake wa kanisani walikuwa wamejifunika nyuso kwa khanga na mabega yanatikisika, na sikutaka kujua ni kilio au nini.

Tulipofanikiwa kuwatoa, refa akasema tucheze hivyo hivyo, muda umebaki kidogo. Ukachezwa mpira usio na mpaka. Na kama mjuavyo mikosi inavyopenda kutembea kwa kundi, Boay akaukokota mpira kuelekea goli la Basotu, beki wao akamkata mtama, akaanguka, filimbi ikalia, na kila mtu akatazama chini. Ni ndani ya boksi au nje? Kama ni ndani, penalti, na kombe letu. Lakini boksi lilikuwa tumboni mwa ng'ombe.

"Mchoraji yuko wapi?" refa akauliza.

Nikaitwa katikati ya uwanja mbele ya wilaya mbili. Wenzangu wakanitolea macho ya kusema ndani. Mjumbe wa Basotu akapaza sauti, "Huyu ni wa kwao, atasema nini?" Na baba alikuwa amesogea mpaka pale, anasubiri kama wengine. Mimi nilijua mstari ulipopita, ila maneno yalikuwa yamekauka. Nikatazama miguu yangu.

Kengele ikalia nyuma yangu. Yule jike mweusi alikuwa amerudi, akapita katikati ya refa na Mwalimu Baran bila kuomba njia, akainamisha kichwa hatua moja mbele ya Boay, upande wa goli, akaanza kulamba ardhi, akaufuata mstari taratibu kwa ulimi, umenyooka kama nilivyouvuta kwa kamba.

Baba akasema, "Muulizeni huyo."

"Lakini huyo ng'ombe naye ni wa kwao," akasema mjumbe wa Basotu, ila sauti yake ilikuwa imepungua, maana alishaona ulimi unampendelea nani.

"Ng'ombe hana chuo," akasema Mwalimu Baran, na refa akaonyesha: nje ya boksi.

Boay akapiga ule mpira wa adhabu ukaruka juu ya goli, ukatua kwenye kundi. Basotu wakapata kona, wakafunga kwa kichwa, wakachukua kombe. Kwenye lori la wenzangu la kurudi nilipewa nafasi ya kukaa nyuma kabisa, na wengine walidai hata hiyo ilikuwa ya heshima.

Lakini kabla ya lori kuondoka baba alikuja, akachota udongo kwa vidole, akaonja.

"Hii ni chumvi yangu."

"Ndiyo, baba."

"Magunia yote?"

"Yote."

Akasema, "Umewaita mwenyewe, halafu unawafukuza na shati." Akaanza kuondoka, akasimama, akauangalia uwanja mtupu kutoka kona mpaka kona. "Lakini mistari ilikuwa imenyooka," akasema, akawafuata ng'ombe wake.

Sasa nimejifunza. Sichori kitu kwa kitu ambacho kina wa kukila, na nikiulizwa kama kitu kipo, nauliza kwanza na nani mwingine anapita hapo. Ligi iliyofuata Mwalimu Baran alipoitisha kikao cha kuchagua pa kuchezea, na bahati mbaya nikatumwa mimi tena (Boay alisema angalau nimeshaonja), nilisema Haydom kabla hajamaliza swali, na hata kabla ya shikamoo, jambo ambalo ilibidi nimwombe radhi.

Magoli yangu yalishageuzwa kuni. Mvua zimenyesha pale uwandani, nyasi zimeota, zimekauka, zimeota tena, lakini baba anasema kila siku ya kunywesha wakifika pale yule jike mweusi anasimama, na wengine wote wanajipanga nyuma yake kwa mstari, vichwa chini, wanangoja. Zamani alikuwa anawapigia mluzi. Siku hizi anaegemea fimbo yake, anawaacha wangoje, na wapita njia wakimwuliza hawa wamesimamia nini, anawajibu bila kucheka kwamba ni mapumziko, kipindi cha pili bado.