Zinia za Mlango wa Mbele

Wakati huo nilikuwa mtoto wa kutumwa chumvi na kiberiti, na nyumba yetu ya Ngamiani, mjini Tanga, ilikuwa na watu wanne: mimi, Mama, Baba aliyefanya kazi stesheni ya reli, na Bibi mzaa mama, ambaye alihamia kwetu kutoka Mkwaja baada ya Babu kufariki. Mtu wa tano hakutajwa. Huyo alikuwa mjomba wangu Athumani, mtoto wa kiume pekee wa Bibi, aliyeondoka nyumbani kabla mimi sijazaliwa.

Habari zake nilizipata kwa vipande, Mama akinisuka nywele. Babu alimgombeza mbele ya watu kwenye harusi, kwa jambo dogo ambalo hata Mama hakulikumbuka vizuri. Mjomba akafunga nguo zake kwenye shuka, akasema hatarudi mpaka baba yake amwite, akashika njia ya Mombasa. Babu hakumwita. Na Babu alipokufa, hapakuwa na mtu aliyejua habari zipelekwe wapi. Mama akifika hapo alinivuta nywele kwa nguvu kidogo, kisha akaanza kuzungumza mambo mengine.

Mkonge ulikuwa na bei siku zile, na mji ulikuwa na shughuli nyingi, lakini sisi watoto tuliyaona hayo kwa mbali. Mimi dunia yangu ilikuwa mtaa wetu na duka la pembeni. Mwenye duka alikuwa Mhindi, Mwislamu mwenzetu, na mkewe, Bi Shirini, alizaliwa palepale Tanga. Uani kwake alikuwa na madebe ya mafuta ya taa yaliyojazwa udongo, na ndani ya madebe hayo alipanda maua ambayo sikuwahi kuyaona kwingine. Aliyaita zinia. Siku moja alinikunjia ua moja lililokauka kwenye kipande cha gazeti.

"Mpelekee mama yako," akasema. "Kila jani la hili ua lina mbegu chini yake, kama mkuki mdogo. Mwambie asiyaweke kivulini. Yanapenda jua."

Mama alilifungua lile gazeti, akalitazama lile ua kavu kwa muda mrefu. Kisha akachukua jembe, akaenda mbele ya nyumba, akaanza kuchimba kando ya baraza, pande zote mbili za mlango.

Bibi alitoka ndani akiwa na upawa mkononi.

"Uani kuna nafasi," akasema.

"Uani kuna kuku, Mama."

"Basi yapande kwenye debe, kama mwenyewe alivyopanda. Mlangoni usipande."

 Mama aliendelea kuchimba, na Bibi akarudi jikoni. 

Lazima nieleze kitu Bibi alichokiogopa. Wanawake wengi wa pwani yetu waliamini, na wengine wanaamini hadi leo, kwamba kipepeo akiingia ndani ya nyumba, mgeni yuko njiani. Wengi wao walifurahi tu, wakaongeza mchele chunguni. Bibi alikuwa na zaidi ya hayo, aliyoyapata kwa mama yake huko Mkwaja. Alisema ua lenye harufu, kama asumini, ni la binadamu. Ua lisilo na harufu lina wenyewe wengine, na linawaita kwa rangi. Kipepeo aliyelewa rangi hizo akiingia kwako jua la utosi, humleta mgeni ambaye hukumchagua, na mgeni huyo huja na neno ambalo hukuliomba.

Mimi nililinusa kila ua la zinia lililofunguka. Kweli halikunukia chochote.

Lakini rangi! Mvua za masika zilipopungua, pande mbili za mlango wetu ziliwaka. Kulikuwa na nyekundu ya damu, na rangi ya chungwa, na waridi, na zambarau iliyoiva, na nyeupe iliyoelekea kijani. Majani ya maua yenyewe yalikuwa makavu kidogo ukiyagusa, kama kanga mpya ambayo haijafuliwa, na katikati kulikuwa na duara ya vinyota vya manjano. Majani ya shina yalikwaruza kama ulimi wa paka. Ua moja lilikaa wiki nyingi bila kunyauka, mpaka nikawa nayajua moja moja, na mengine nikayapa majina.

Saa za adhuhuri, watu wakiwa wamejilaza na mtaa umenyamaza, nilikaa kizingitini na kuyatazama. Joto lilipanda kutoka ardhini, na maua yakawa kama yanaelea. Hapo ndipo walipokuja vipepeo. Walikuja wadogo weupe, kisha wa manjano, kisha wale wakubwa weusi wenye mabaka ya buluu, wakitua na kufungua mabawa taratibu, kama mtu anayepumua usingizini. Nikiwatazama sana, nilisahau nilipo. Mara nyingine nilidhani ni maua yanayoruka na vipepeo walioota kwenye mashina.

Nilizinduliwa na kanga ya Bibi. Alikuwa akija kutoka ndani ameishika kwa mikono miwili, akaipunga mlangoni, "Shuu! Nendeni! Nendeni kwenu!" nao wakatawanyika. Kila siku alifanya hivyo. Jua likipinda alipumzika.

"Bibi," nilimuuliza siku moja, "kwani mgeni ana ubaya gani?"

"Mgeni hana ubaya, mke mwenzangu," akasema. Ndivyo alivyoniita kila siku, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Ninaogopa alichokibeba mdomoni."

Sikuelewa. Nilikuja kuelewa kidogo nilipowasikia yeye na Mama wakichambua mchele uani, wakidhani nimelala.

"Umeyapanda makusudi," Bibi alisema.

"Nimeyapanda makusudi, Mama. Nataka aje."

"Na asipokuja yeye? Akija mtu mwingine, akatuambia kwamba..." Hakumaliza. Nilisikia mchele ukipepetwa, kisha sauti yake tena, ya chini sana: "Siku ile nilikuwepo pale harusini. Nilimwona mwanangu anadhalilishwa, nikanyamaza. Nikisikia amekufa, Mwanahawa, nitakuwa nimemnyamazia moja kwa moja. Niache hivi hivi. Hivi angalau yu hai."

Nilisikia Mama akianza tena kupepeta mchele.

Baada ya hapo Bibi akashikwa na homa. Alilala ukumbini, kwenye kitanda cha kamba, mahali penye upepo, na Mama akanikalisha karibu yake kumbadilishia kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Adhuhuri ilifika, na hapakuwa na wa kupunga kanga.

Nilimwona akiingia. Alikuwa mmoja wa wale wakubwa weusi. Alisita kizingitini, akapanda juu karibu na boriti, akashuka akiyumba kama mtu asiyeijua nyumba, kisha akatua kwenye kanga iliyomfunika Bibi, pale magotini. Sikujua nimfukuze au nisimfukuze. Nilimtazama Bibi, nikaona macho yake yako wazi. Alikuwa akimtazama.

"Nimtoe, Bibi?"

Kipepeo alifungua na kufunga mabawa juu ya magoti yake.

"Mwache," Bibi akasema. "Nimechoka kumfukuza."

Akafumba macho. Kipepeo alikaa mpaka nami nikasinzia, na nilipoamka hakuwepo tena. Jasho lilikuwa limemtoka Bibi mwili mzima, na ngozi yake ilikuwa imepoa.

Siku iliyofuata Bibi alikuwa amekaa kitandani akinywa uji, mimi niko kizingitini mahali pangu. Mtaani hapakuwa na mtu. Kisha nikamwona mtoto wa kike, mdogo kuliko mimi, amesimama katikati ya zinia zetu. Gauni lake lilikuwa na vumbi la safari. Alikuwa ameshika ua jekundu kwa viganja viwili bila kulichuma, kama mtu anayeshika uso wa mwenzake.

Nyuma yake alikuja mwanamke amejitwika mzigo, amevaa buibui, amechoka.

"Ndoo, mwanangu," alimwambia mtoto. "Ndoo!"

Mimi nikadhani anataka ndoo. Nikakimbia uani, nikamletea ndoo ya maji na kata. Mwanamke akaitazama ile ndoo, akanitazama mimi, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka, akaketi barazani na mzigo wake. Kwao Mombasa, alinieleza, ndoo ni kumwita mtu aje. Lakini maji aliyataka pia. Alimnywesha mtoto, akanywa na yeye.

"Wapita wapi mchana huu?" Bibi aliuliza kutoka ndani.

"Shikamoo, bibi. Natafuta nyumba na siijui. Nimeshuka basi tangu asubuhi. Nimeambiwa Ngamiani tu, na Ngamiani nimeikuta ina barabara nyingi, zote zafanana. Mtoto kachoka. Kaona maua yenu, hataki tena kutembea."

"Watafuta nyumba ya nani?"

"Ya dadake mume wangu. Aitwa Mwanahawa. Kwao ni Mkwaja."

Uji ulimwagika. Bibi alikuwa amesimama, yeye ambaye jana yake hakuweza kukaa. Alikuja mpaka mlangoni akishika ukuta, akamtazama yule mtoto. Mtoto naye akamtazama, angali ameshika ua lake. Masikio yake yalikuwa yamesimama nje kidogo, na kidevu chake kilikuwa na kishimo kama cha Mama yangu.

"Yu hai?" Bibi aliuliza.

Mwanamke, jina lake Saada, akavua ukaya wake, shela ya kichwani, taratibu, akaupakata. "Alikuwa mgonjwa wa kifua, mama. Kabla ya mfungo Mungu alimchukua. Alisema nikitoka eda nimlete mtoto kwa shangaziye, naye atufikishe Mkwaja kwa bibiye."

Mama alikuwa ametokea uani, mikono imejaa unga. Nilitarajia kilio. Nilimtazama Bibi nikidhani ataanguka. Alishuka barazani, akaketi karibu na Saada, bega kwa bega.

"Alinikasirikia?"

"La, mama. Alikuwa na haya. Kila mwaka alisema mwaka huu baba ataniita."

"Baba yake amekufa zamani."

"Hakujua," Saada akasema. "Hakujua, maskini."

Hapo ndipo Bibi alipolia, na alilia kwa kulitaja jina. Athumani, Athumani wangu. Nilikuwa sijawahi kulisikia mdomoni mwake. Majirani walitoka, Bi Shirini akaja na ubani na sukari ya chai, Baba akaitwa kutoka stesheni, na mchana ule nyumba yetu ikawa ya matanga. Mama alimshika Saada mkono akamwita wifi yangu, na Saada hakurudi Mombasa. Mtoto, Rukia, alilala kitanda kimoja na Bibi mpaka Bibi alipotuacha.

Nimeyageuza mambo haya kichwani miaka mingi. Siwezi kuapa kwamba kipepeo alileta mtu, kwa kuwa Saada alikuwa ameshapanga safari yake kabla yule kipepeo hajazaliwa. Wala siwezi kusema Bibi alikosea. Alisema mgeni atakuja na neno, na alikuja nalo. Ninachokifikiria zaidi ni ile siku ya homa. Kama Saada angepiga hodi mwezi mmoja nyuma, Bibi angemsikia akitaja Mkwaja, angefunga mlango wa chumba chake, akaendelea kumweka hai mwanawe kwa kutosikia. Alihitaji kwanza kuchoka.

Rukia sasa ni bibi kama mimi, na hukaa mtaa wa pili. Nikisimulia mbele ya wajukuu jinsi alivyosimama kwenye zinia, hunikatiza.

"Maua mimi siyakumbuki kabisa," husema. "Nilisimama kwa kuwa viatu vilinibana. Nakumbuka mkono tu. Mkono mkavu, wa moto, unanipapasa uso, kila mahali, kama wa mtu anayetafuta kitu gizani. Na Bibi anasema, ni yeye, ni yeye. Nami nikawaza, kwani mimi ni nani?"