Umefunga, au Umezima?

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa waya hata mmoja. Nilifika Ruti, kando ya mji wa Mbarara, asubuhi, mahali palipokuwa panajengwa maduka kando ya barabara ya Kabale, nimevaa shati la kanisani kwa kuwa sikuwa na lingine la maana. Msimamizi wetu, ambaye sote tulimwita Foromani, alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akanipa patasi na nyundo, akanionyesha ukuta. Kazi yangu ilikuwa kuchimba mifereji ya kulaza mabomba ya plastiki ambamo nyaya zingepita. Jioni shati lilikuwa limejaa saruji, na kurant, ndivyo sisi wa Kivu ya Kongo tunavyouita umeme, nilikuwa hata sijaikaribia.

Naanzia huko kwa sababu wiki iliyopita mke wangu, Mama Ruth, alinifichia bisibisi. Soketi ya jikoni kwetu, hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ilianza kutoa cheche kila akichomeka pasi, na ukuta ukawa unanuka kuungua. Nikasema nitaifungua mwenyewe. Ni kazi ndogo sana kwa mtu aliyezeekea kwenye nyaya! Lakini macho yangu siku hizi yana ukungu. Waya wa kahawia na waya wa bluu, kivulini, naona ni ndugu wa tumbo moja. Mama Ruth alilijua hilo kuliko nilivyotaka kukubali. Bisibisi ikapotea, na tesita nayo ikapotea. Tesita ni ile bisibisi nyembamba yenye taa ndogo ndani ya mpini. Ukiigusisha kwenye waya wenye moto, taa inawaka. Niliitafuta mpaka chini ya godoro. Nilikasirika, sifichi.

Turudi Ruti. Foromani alikuwa Mnyankore, mrefu, mpole wa sauti. Kiswahili chake alikianzia jeshini na kukimalizia kwa mafundi waliotoka Tanzania, na ndiko alikojifunza kusema kwamba umeme unafungwa. Kwa watu hao kufunga umeme ni kuuweka: kukaza nyaya, kuunganisha, nyumba ipate mwanga. Sisi tuliotoka Kivu tukisema funga kurant, tunamaanisha izime, kama mutu anavyofunga redio akitaka kulala. Tulifanya kazi pamoja muda mrefu, tukila posho, yaani ugali wa huku, na maharage kwenye sufuria moja, na hakuna aliyegundua kwamba neno hilo moja lilikuwa na sura mbili.

Siku moja nilikuwa juu ya ngazi, ndani, nikitaka kubadilisha holda ya taa. Foromani alikuwa nje kwenye mita. Nikamwuliza kwa sauti kama amefunga. Akajibu kwamba amefunga. Nikashika waya.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka dari, halafu uso wa Foromani, halafu gari likienda hospitali mjini Mbarara, yeye akiwa amenishika mkono kama mama mzazi. Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto havijui moto wala baridi mpaka leo. Nilipopata nguvu ya kukaa, alivuta kiti akaniambia, "Ssebo, bwana wangu, wewe naniuliza kama nimefunga, mimi nasema nimefunga. Sisi wawili nasema kweli, na wewe karibu nakufa."

Huku Nakivale, Mama Ruth aliletewa habari kwamba nimekufa. Mtu aliyempa habari hizo alikuwa amesikia nusu tu. Alilia, majirani wakaja na mikeka, wakaanza kuimba. Alikuwa bado amekaa chini na kitambaa kichwani niliposhuka kwenye boda na bendeji zangu.

Niliporudi kazini Foromani alitukusanya akapiga marufuku neno hilo. Kuanzia siku hiyo, kuweka ni kuunganisha, kukata ni kuzima, na anayejibu lazima awe ameshika swichi kuu kwa mkono wake. Tena akatupa kipimo ambacho nimetembea nacho maisha yangu yote. Alisema, "Kabla nagusa kitu, uliza: nikikosea, nani nalia? Kama ni wewe peke yako nalia, fanya. Kama ni watu nalia juu yako, ita mwenye kujua."

Baada ya Ruti nilipelekwa Base Camp, kwenye majengo ya ofisi na zahanati ya hapa Nakivale, chini ya Bwana Mhandisi. Huyo alikuwa mtu wa maneno machache. Alinifundisha ethi, yaani waya unaopeleka umeme ardhini kitu kikiharibika, ili usipitie kwako. Watu wengi waliuona ni waya wa bure kwa kuwa taa inawaka hata bila huo. Yeye alikuwa anafukua mwenyewe kuona kama nondo yake imezama vizuri, halafu anaosha mikono na kuendelea na safari.

Kisha Oruchinga. Makazi ya huko ni madogo kuliko yetu, na huko bosi wangu alikuwa Madamu Msimamizi, mama wa Mbarara aliyependa kucheka. Kazi yangu ilikuwa kutembelea nyumba na kuwaeleza watu wasichezee kurant. Nikawaeleza sana, nikawaonyesha vidole vyangu, nikawasimulia ile ngazi na lile neno tulilopigwa marufuku. Baada ya muda Madamu akaniita ofisini. Akasema, "Fundi, wewe natisha watu mingi. Sasa hata balbu naungua, wao nakaa gizani nangoja wewe." Tulicheka wote wawili, ila alikuwa ametoboa ukweli. Mzee mmoja Mrundi alikuwa amenipigia simu nije nimkazie skrubu ya kitasa!

Basi nikabadilisha mafundisho. Nyinyi vijana mnaojenga sasa, sikilizeni. Bomba linalovuja, zima maji, fungua kichwa chake, badilisha raba. Ukikosea utalowa, utajicheka. Ukuta wa udongo uliobanduka, kanda, kandika. Bati lenye tundu la msumari, ziba kwa lami, mradi ngazi ni imara na kuna mutu wa kuishika. Balbu, badilisha swichi ikiwa imezimwa. Lakini kenchi za paa zikianza kulegea, au ukuta unaobeba paa umepasuka kiasi cha kuingiza kidole, usijidai. Na kila kitu kilicho nyuma ya kifuniko cha umeme, hata kama rafiki yako anajua kidogo, ita fundi. Huyo anayejua kidogo mimi namwogopa kuliko asiyejua kitu.

Haya niliyasema Oruchinga, nikayasema Base Camp niliporudishwa, nikayasema mpaka nikastaafu. Halafu soketi yangu ikatoa cheche, na mimi nikawa natafuta bisibisi chini ya godoro.

Mama Ruth aliniacha nitafute mpaka nichoke. Kisha akaniletea chai, akakaa. Hakunigombeza. "Baba Ruth," akasema, "ukikosea, nani atalia? Mimi nilishakulilia mara moja. Ile inatosha."

Nilikunywa chai yote. Kustaafu nilidhani ni kuacha kwenda kazini. Kumbe kuna siku nyingine, ile unayokubali kwamba kwenye kipimo chako mwenyewe umehamia upande wa pili, wa wale wanaopaswa kuita fundi. Iliniuma. Nikachukua simu, nikamwita Consolata, fundi Mrundi wa pale Base Camp ambaye nilikuwa sijawahi kufanya naye kazi.

Alikuja na begi lake, akanusa ukuta, akauliza swichi kuu iko fasi gani. Nikamwambia nitaishika mimi, iko kwenye korido na haitaki macho. Nikiwa nimesimama pale nilimsikia kutoka jikoni: "Muzee, umezima?"

Nikamwuliza kwa nini hakusema kufunga, kama wengine.

"Hapana, ile neno hatulitumie mu kazi," akajibu. "Tulifundishwa hivyo Oruchinga. Sijui nani alianzisha."

Mama Ruth alinitazama kutoka mlangoni. Nilimfanyia ishara anyamaze.

"Nimezima," nikamjibu Consolata. "Mkono wangu uko juu yake."

Soketi ilikuwa imeyeyuka ndani, na waya mmoja ulikuwa umebaki uchi kabisa. Akaitoa, akaweka mpya, akapima, akaenda zake. Jioni Mama Ruth alipiga pasi gauni lake la kanisani bila cheche hata moja. Alipomaliza akaenda kwenye gunia la maharage, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa bisibisi yangu na kuniwekea kiganjani.

"Shika," akasema. "Mlango wa choo unalia tangu juzi. Ule unalia peke yake."