Paka Aliyechimba Sakafu

Kwa Anti, kule Buruburu jijini, sikuwa na viatu. Yaani nilikuwa navyo, lakini aliviweka. Siku niliyofika kutoka magharibi, nikiwa nimemaliza kidato cha nne, alivitazama vile viatu vyeusi alivyoninunulia mama, akavifuta vumbi, akavifungia kabatini kwake.

"Nimekuwekea," akasema. "Utavivaa ukianza kozi ya ushonaji."

Nikamshukuru sana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa siku hiyo hiyo, ila halikuwa jembe, lilikuwa tambara la kupigia deki.

Kozi haikuanza. Kila nilipouliza, jibu lilikuwa moja: "Si nimekuwekea nafasi? Haraka ya nini?" Asubuhi alikwenda kazini na ufunguo wa geti mkobani, nami nikabaki na patipati miguuni, watoto wake wadogo, na paka.

Rafiki yangu wa shule aliishi mtaa wa Mukuru kwa Njenga, ng'ambo ya reli, na kushona mashati kiwandani. Siku moja alinijia, tukasemezana kupitia vyuma vya geti.

"Wanaandika watu, wewe! Kuja hata wiki hii. Lakini uvae viatu. Mtu wa patipati wanamrudisha hapo kwa geti."

Nikacheka, kisha nikalia mbele yake bila aibu. Nilikuwa nimefungiwa kama kuku wa Krismasi, na ndiyo kwanza nalikubali jambo hilo.

Paka yule alikuwa wa kijivu, mwenye maringo ya mwenye nyumba. Nilimpa ugali na omena jikoni. Akishiba hakuondoka. Alianza kuparuza saruji kuzunguka bakuli, mguu huu, mguu ule, kwa bidii ya mtu anayefukia mbegu. Udongo haukuwepo, lakini hakukoma. Siku nyingine alilivuta tambara langu la deki mpaka likafunika bakuli. Kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nilimtazama hadi nikamwelewa. Akiwa na njaa hakuparuza hata kidogo, aliparuza akibakisha. Alikuwa anayaficha mabaki, paka wengine wasiyanuse, aje ayale baadaye. Na mara nyingi hakuja. Yalikaukia mle mle, nikayatupa.

Basi nikajua maana ya kuwekewa. Nilikuwa nimefunikwa, mwingine asininuse, mpaka nikauke. Siku hiyo nilimchukia Anti, na chuki hiyo ilinipa nguvu ya kuosha vyombo.

Jumamosi moja Anti alimkuta paka jikoni akiparuza sakafu. Sufuria ikamponyoka.

"Ameanza lini kuchimba?"

"Siku nyingi, Anti. Anaficha tu chakula."

"Nyamaza! Paka akichimba ndani ya nyumba, anamchimbia mtu kaburi. Kwetu paka alichimba hivi hivi, tukazika mtu." Akawatazama watoto wake, akawavuta kwake. Nilimhurumia, siwezi kukataa.

Akaamua paka atupwe. Si hapo nyuma ya nyumba, maana kila mtu anajua paka hutupwa mbali, asije akaijua njia ya kurudi. Na yeye mwenyewe hangethubutu kumgusa.

"Mpeleke mbali," akaniambia. "Vuka hata reli."

"Nimpeleke Mukuru?"

"Huko huko. Mbali kabisa."

"Niende mbali hivyo na patipati, Anti?"

Alinitazama. Nikainamisha uso, nikaogopa kwamba moyo wangu unasikika. Kisha akaenda kabatini, akarudi na viatu vyangu, akafungua geti kwa mkono wake.

Nilimtia paka kikapuni, nikakifunika kwa leso. Viatu vilinibana, kwani miguu ilikuwa imezoea kukaa wazi. Nilivuka barabara, nikavuka reli, nikichechemea na huku paka akilia njia nzima. Mlangoni kwa rafiki yangu nilimfungulia, akatoweka kati ya mabati. Jumatatu nilisimama kwenye foleni ya kiwanda, nikaandikwa.

Baadaye rafiki yangu alikwenda Buruburu kunichukulia nguo. Alirudi akicheka. Paka yuko jikoni, anaparuza sakafu ile ile. Na Anti alikuwa na ujumbe: "Mwambie hata paka ameijua njia. Yeye ameisahau?"

Sikuwa nimeisahau. Naijua mpaka leo.